Kila Mtu na Kaa Wake

Niliwaacha wiki jana nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mama mkwe, ndoo ya matumbo ya kuku mkononi, mdomo wazi. Mdomo nimeshaufunga. Ndoo ninayo bado, na harufu yake ni ile ile.

Wewe uliyeazima gazeti la jirani leo, usipate tabu, nakupakulia kwa ufupi. Vizimba vya kaa kule mikokoni ni vya mama mkwe. Yeye kavianzisha, yeye kanifundisha kazi. Akapigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, na mdomo ukapinda ukafuata. Mume wangu, mtu wa huruma na maneno machache, akampigia simu kaka yake. Kaka mtu akaja na mkewe, na masanduku ambayo si ya kuja kumjulia mgonjwa hali.

Mgonjwa alikuwa kimya tangu augue. Siku ile nimesimama mlangoni, akafumbua jicho lake zima, akauvuta ule mdomo kwa tabu, akasema:

"Aa! Kaa!"

Basi. Neno moja, nyumba ikaenda mrama.

Shemeji yangu alikuwa kajimwaga kwenye kiti cha pembeni, anachokonoa meno kwa ukucha. Aliruka kama aliyeitwa zawadi.

"Mmesikia? Mmesikia nyote? Mama kasema nikae!"

"Ukae wapi?" nikamuuliza.

"Hapa! Kwake! Mimi mkubwa, mimi nikae kwenye nafasi yake. Nyumba, vizimba, kila kitu. Mzazi akisema, kasema."

Mimi, mwenye ndoo ya chakula cha kaa mkononi, nilikuwa nimesikia kitu kingine kabisa. Na nani angenilaumu?

"Shemeji, Mama anawaulizia kaa wake."

Akanicheka mpaka nikayaona yale aliyokuwa akiyachokonoa. "Mtu anarudi kutoka mlangoni mwa kaburi, neno lake la kwanza liwe kaa? Yule mdudu?"

"Humjui mama yako," nikamwambia.

Tangu siku ile akakaa. Alikaa kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwenye kazi yoyote. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema wahenga. Huyu ukimpa jembe atalikalia. Nikampachika jina la Mwenyekiti, na nadhani mpaka leo anafikiri nilikuwa namheshimu.

Ngoja niwaeleze kazi yetu, maana bila hiyo hamtaona kwa nini nitatapika huko mbele ya safari.

Kaa wetu hazaliwi kizimbani. Tunamnunua kwa wavuaji akiwa mkubwa wa umbo na mtupu wa ndani. Kajivua gamba la zamani, kavaa jipya kubwa, na ndani ya hilo jipya hamna kitu ila maji. Tunamlisha mpaka nyama ijae. Ukimbonyeza kifuani na pakabonyea, mrudishe akale. Pakiwa pagumu, huyo yuko tayari kwa mnunuzi.

Na kila kaa ana chumba chake. Kizimba kizima kimekatwakatwa kwa mbao, vyumba vidogo vidogo kama gesti ya uchochoroni, kila mgeni na kitasa chake. Mama mkwe alikuwa na msemo wake: "Kaa hana jirani. Ukimpa jirani umempa chakula."

Chakula chenyewe ni matumbo ya kuku na vichwa vya samaki, vinalala kwenye pipa nyuma ya nyumba. Sikufichi, pipa lile linanuka. Nilipoolewa hapa nilitapika kila nikilifunua, mpaka majirani wakaanza kunipongeza wakidhani nina mimba. Sasa nimezoea. Shombo imeniingia kwenye vidole, kwenye nywele, kwenye pete ya ndoa. Na sioni aibu.

Mke wa Mwenyekiti ndiye aliyetaka niione.

Yeye nilimwita Marashi. Akipita hapa, kunguni watatu wanazimia. Siku waliyofika, aliingia chumbani kwa mgonjwa, akaziba pua kwa kitambaa.

"Jamani, hivi mtu atapona kweli kwenye uvundo huu?"

"Ni shombo tu, mama," nikamwambia. "Shombo hii ndiyo iliyomlipia mumeo ada."

"Mwenzangu, ada ni ada. Pua ni pua."

Akafunga dirisha, maana linatazama upande wa pipa. Akasokomeza matambara chini ya mlango. Kesho yake asubuhi akaingiza jiko kwenye kona, akaliwasha, akatupia maganda ya machungwa juu yake ili yafukize. Shombo, maganda yanayoungua na yale marashi yake vikakumbatiana mle ndani. Pua yangu, iliyozoea pipa, ikakataa kazi.

Lile jiko nililichukia. Nililichukia kwa sababu lilikuwa tusi. Kila likifuka lilikuwa linaniambia: wewe mke wa mdogo, unanuka. Kichwa changu chote kikaenda kwenye hilo tusi.

Na ni mchana wa siku hiyo hiyo mgonjwa aliposema lile neno lake. Marashi akatamba nyumba nzima.

"Si mnaona? Nimeweka jiko, kaanza kusema! Mlikuwa mnamuua kwa uvundo, masikini."

Nikabeba ndoo yangu nikarudi kwenye pipa.

Neno likaendelea kutoka. Aa! Kaa! Asubuhi. Aa! Kaa! Mchana. Na kila likitoka, Mwenyekiti anaongeza kitu. Mara ya pili akahamia chumba kikubwa. Mara ya tatu akaanza kuvaa kofia ya marehemu baba mkwe. Anakula uji wa mgonjwa kwa kijiko cha mgonjwa, anacheua, anajipangusa kwa ncha ya shuka la mgonjwa. Akakata kucha za miguu kwenye meza ya dawa. Nilikwenda kuchukua vidonge nikakuta ukucha wa njano umelala juu ya kimoja, umepinda kama mwezi mchanga.

Nilikishika kile kidonge nikakitupa mbali. Matumbo ya kuku nayashika kwa mikono mitupu, lakini ukucha ule ulinishinda.

"Mwambie," nikamwambia mume wangu.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie Mama anasema kaa wa baharini!"

"Mimi sijui Mama anasema nini," akajibu. Ndivyo alivyo. Ukimsukuma anasogea, lakini hasemi lolote.

Basi nikaamua nitamaliza ubishi mwenyewe. Nikachagua kaa mkubwa kuliko wote, dume, magando yake ya kubania yamefungwa kamba, nikaenda naye mpaka kitandani. Mwenyekiti alikuwa palepale konani, kiti ubavuni mwa jiko, viatu kavua, anaota moto kwa sababu kulikuwa na mvua.

"Mama," nikasema, "huyu hapa. Kajaa. Mshike mwenyewe, umbonyeze."

Nikamwekea kifuani karibu na mkono wake mzima. Akamsukuma.

Akamsukuma, wenzangu! Kaa aliyemlisha kwa mkono wake! Jicho lake halikumtazama hata kidogo. Lilinipita begani, likaenda konani, likang'ang'ania huko huko.

"Aa! Kaa!"

Mwenyekiti akajipiga kifua. "Anamtazama nani? Mimi au mdudu wako? Shemeji, ukubali yaishe."

Kamba ikafunguka. Si mimi niliyeifungua, ingawa ningeulizwa ningeifungua. Kaa akaporomoka shukani, akagusa sakafu, akaenda ubavu ubavu mpaka kwenye kile kidole gumba cha mguu, akakipokea kwa magando yote mawili.

Sijawahi kumwona Mwenyekiti akisimama haraka hivyo. Alisimama, akaruka, akapiga kelele za kumwita mamaye, naye mamaye yuko palepale kalala. Marashi akapanda kitandani kwa mgonjwa. Mume wangu akamkamata kaa kwa nyuma, kama mama yake alivyomfundisha, akatoka naye nje.

Nilipogeuka kumtazama Mama nilidhani anacheka. Kumbe anatapika.

Alitapika uji, akatapika maji, akatapika nyongo. Uso ulikuwa mwekundu kama wa mtu mwenye afya, na mkono wa baridi. Nesi wa zahanati alishatuambia kutapika na kuumwa kichwa ni kawaida ya ugonjwa ule. Marashi akatoka mbio, kashika kichwa.

"Mimi siwezi. Nikikaa mle kidogo tu kichwa kinanipasuka. Shombo itaniua."

Tukambeba Mama mpaka barazani, nami nikabaki ndani kupiga deki. Nikainua kichwa mara moja nikamwona mume wangu barazani kamshikia kikombe, mama yake anakunywa. Mvua ilikuwa imekata, upepo unatoka mikokoni. Mama kaegemeza kichwa ukutani, anavuta pumzi kwa raha kama aliyemaliza kazi. Hakusema kaa hata mara moja.

Nikajiambia, si unaona? Anavitazama vizimba vyake, katulia. Nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu ulininogea.

Jioni haijafika Marashi akasema mgonjwa hapigwi upepo. Kumrudisha ndani ikawa vita. Mama aliukamata mwimo wa mlango kwa ule mkono mzima, vidole vikawa vyeupe, ikabidi Mwenyekiti ambandue kimoja kimoja.

"Aa! Kaa! Aa! Kaa!" Na machozi yanamtoka, jicho zima na jicho bovu, yote mawili.

"Anataka nikae naye," akasema Mwenyekiti.

"Anaogopa tutaondoka," akasema Marashi.

"Anawalilia kaa wake," nikasema mimi.

Watu wazima watatu, kila mtu na kaa wake, na mwenye neno analia katikati yetu. Nikilikumbuka hilo natamani kujitemea mate.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Asubuhi nilikwenda kwa muuza kuku kuchukua matumbo. Foleni, maneno, mvua kidogo, nikachelewa. Narudi nakuta barazani kuna benchi jipya. Refu, lina mgongo, lina mahali pa kuegemeza mikono. Mwenyekiti kalikalia, kofia ya marehemu kichwani, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Shemeji, karibu. Unaonaje? Mwenyekiti bila kiti si aibu?"

Kumbe jina lilishamfikia.

Nikaitazama mbao. Ilikuwa na matobo madogo ya kupitishia maji, na kwenye ncha moja kulikuwa na alama ya kisu ambayo nimeikata mimi mwenyewe.

"Hizi mbao umezitoa wapi?"

"Kule kwenye vizimba. Zilikuwa zimejaa mle bure, vijumba vijumba. Uchoyo gani ule? Mnyama mmoja, chumba kizima! Nimezing'oa, nimewaweka wote pamoja. Mama si kasema? Kaa. Wakae kama familia."

Nilikimbia na ndoo yangu mpaka mikokoni.

Maji yalikuwa yameshuka. Nilisikia kabla sijaona, ile sauti ya gamba likivunjwa, kama watu wengi wanatafuna barafu. Nikafika kizimbani nikainama.

Nitawaambia nilichokiona, na mnaokula wekeni sahani pembeni. Matope yalikuwa yamegeuka uji wa kijivu. Miguu ilikuwa inaelea, mingine inachezacheza bado na mwenyewe hayupo. Kaa mmoja alikuwa kajivua gamba usiku ule, laini kama yai lisilo na ganda, na wanne walikuwa wamemzunguka wanamchuna kwa zamu, taratibu, kama watu wenye adabu zao mezani. Macho yake yalikuwa bado yanasogea. Mwingine nilimwinua nikadhani ni mzima, kumbe ni nusu. Hiyo nusu ilikuwa inatoa povu mdomoni.

Nikatapika. Mimi, niliyezoea pipa, nikashika mti wa mkoko nikatapika. Na kaa wawili wakaja kula nilichotapika.

Nikarudi barazani na ndoo yangu. Mwenyekiti alikuwa hajasogea.

"Wanakulana," nikamwambia.

"Nani?"

"Kaa! Wamekulana! Nusu yao wameshaliwa!"

Akafikiri kidogo. Nilimwona akifikiri, na huwa haimkai vizuri.

"Basi hiyo nusu nyingine si imeshiba? Uza hao walioshiba."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimemvumilia kwa uji, kwa kofia na kwa ukucha. Maji yakazidi unga. Niliinyanyua ile ndoo, nikaipindua juu ya kichwa chake.

Matumbo yalimshuka polepole. Utumbo mmoja ulimning'inia sikioni kama hereni. Alifungua mdomo kupiga kelele, na huko ndiko alikokosea.

Marashi akatoka ndani mbio. Ndiye aliyekuwa kakaa na mgonjwa. Alimwona mumewe akapiga yowe, kisha harufu ikamfikia, akakumbuka pua yake.

"Mlango! Fungeni mlango, uvundo usiingie kwa Mama!"

Akarudi ndani. Nilimsikia akihangaika mle, akitoa vishindo kwenye kona, akikohoa. Akatoka, akauvuta mlango, akapiga magoti akasokomeza matambara chini yake, safari hii mengi, na kanga juu yake.

"Nimeongeza na maganda," akasema. "Nimelijaza jiko mpaka juu. Uchafu wenu usimfikie."

Wakaenda bombani, yeye mbele, mumewe nyuma anatema mate. Nami sikuona haya. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu waje, na nikaenda zangu mikokoni nikicheka peke yangu.

Mume wangu alikuwa kashafika kule, suruali kaikunja, anawatenganisha waliobaki. Hana mbao, basi anawafunga magando mmoja mmoja na kuwaweka kwenye vikapu. Nikaingia matopeni kumsaidia. Maji yalikuwa yameanza kupanda. Tulifanya kazi muda mrefu, mpaka kicheko changu kikaisha na hasira ikarudi.

"Mama angeona haya angepigwa na kiharusi cha pili," nikasema. "Kutwa anawaita, kaa, kaa. Na ninyi mnamfungia ndani na maganda yenu ya machungwa."

Akafunga fundo. Akamtia kaa kikapuni.

"Sidhani kama anawaita kaa," akasema.

Nikasimama. "Ala! Na wewe? Anamwambia kaka yako akae?"

"Sikusema hivyo."

"Sasa?"

"Mimi sijui. Ila neno kaa, Mama hangelitamka hivyo. Kaa ni neno jepesi, hana haja ya kuanza na aa. Wewe unasikia 'Aa' kama mtu anayeshtuka. Mimi naona kama ni neno moja tu, mbele limekatika."

"Limekatikaje?"

"Midomo yake haifungi, mke wangu. Upande umelala. Neno lolote linalotaka midomo ikutane linamshinda mwanzo. Siku ile barazani aliniambia 'aji'. Nikampa maji. Akasema 'anangu'. Ndiyo mwanangu."

Nilimkodolea macho. "Alisema maneno mengine? Siku ile? Kwa nini hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnabishana."

Kaa aliyekuwa mkononi mwangu alinibana kidole, nikamwacha anibane. Maji, aji. Mwanangu, anangu. Nikasimama pale matopeni mpaka magotini, nikaiachia midomo yangu wazi, nikaning'iniza taya kama la mgonjwa, nikajaribu mwenyewe. Maziwa. Aziwa. Mlango. Lango.

Lile jicho lililonipita begani. Kona. Kiti cha Mwenyekiti, na ubavuni mwa kiti, kile ambacho mimi nilikiona tusi tu.

Midomo wazi, nikasema: makaa.

Aa-kaa.

"Mungu wangu," nikasema.

"Nini?"

"Jiko! Anasema makaa! Moshi wa makaa unamuua mle ndani, anatuambia kila siku, unamuua!"

Mume wangu, mtu asiyesogea mpaka asukumwe, aliangusha kikapu na kutangulia. Kaa waliobaki wakamwagika wote, wakarudiana. Walane. Nilikimbia na matope miguuni, nikaanguka, nikaamka, nikamwita mama mkwe kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Muda wote tuliokaa tukifunga kamba ulikuwa unanipita kichwani. Jiko limejazwa mpaka juu. Dirisha limefungwa. Na ni ndoo yangu iliyomfanya Marashi asokomeze yale matambara.

Tukafika barazani. Mume wangu akausukuma mlango, haukwenda. Haukuwa na kufuli, kulikuwa na kitu nyuma yake, kizito, laini. Akasukuma kwa bega. Ukafunguka nafasi ya mkono.

Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya moto, ina utamu wa machungwa. Sitakula chungwa tena maisha yangu.

Chini, kwenye ule upenyo, kulikuwa na vidole vya Mama. Alikuwa kaanguka kutoka kitandani, kajiburuta sakafu nzima kwa upande mmoja wa mwili, kafika mlangoni. Alikuwa kaanza kuyatoa matambara. Moja alikuwa bado kalikumbatia ngumini.

Mume wangu akapenya, akamvuta nje mpaka barazani, akamlaza kando ya lile benchi la mbao za kaa. Uso ulikuwa mwekundu, mzuri, kama wa bibi harusi. Nilikuwa sijawahi kuona wekundu wa kutisha kama ule.

"Mama," akamwita. "Mama, sema. Tumesikia sasa. Sema."

Nikapiga magoti, mikono yangu imejaa matope na damu ya kaa, nikaliweka sikio langu kwenye mdomo wake uliopinda. Nilitaka lile neno. Nililolichezea wiki nzima, nikaligombania kama mali, sasa nililitaka mara moja tu, hata nusu yake. Haikutoka hata pumzi.

Nyuma yangu nikasikia miguu inayochuruzika maji. Ilikuwa ya Mwenyekiti, anatoka bombani kuoga mara ya pili, taulo kiunoni. Akasukuma shingo mbele, akachungulia juu ya bega langu.

"Eh," akasema. "Kasema nini?"